Ndege Wageni wa Bandari ya Dar es Salaam: Namna ya Kuwatambua na Habari ya Majina Yao

Kila mtu akaaye pwani amewaona ndege wadogo wakimbiao juu ya tope maji yakiisha kupwa. Walakini ukimwuliza mtu jina la ndege yule, aghalabu hukujibu, "Kitwitwi." Ukimwonyesha mwingine, mkubwa kuliko yule wa kwanza, mwenye miguu ya rangi nyingine na mdomo wa namna nyingine, hukujibu tena, "Huyo naye kitwitwi." Wala si kosa lake. Ndege hawa hawadhuru shamba, hawali kuku, wala nyama yao si kitu cha kutegemewa nyumbani. Basi watu wengi hawakuona haja ya kuwapambanua. Lakini sisi tulio walimu twaulizwa na watoto, na jibu la "kitwitwi tu" halitoshi, kwa kuwa katika kundi moja lisimamalo mbele yetu huenda wamo ndege wa namna kumi, na mmoja wao huenda ametoka nchi ambayo mtoto yule hajaisikia hata kwa jina.

Kwa hiyo katika makala hii tumekusudia mambo matatu: kueleza ni wakati gani na mahali gani ndege hawa huonekana; kuwapambanua wale wa kila siku na wale wasio wa kawaida; na mwisho kusema neno juu ya majina yao, kwa maana hapo ndipo lugha yetu ina hasara iwezayo kuzuiliwa, kama tukifanya bidii sasa.

I. Bandari na matope yake

Bandari ya Dar es Salaam haikuchimbwa na watu. Ni ghuba yenye mlango mwembamba, ambayo ndani yake yapanuka, kisha mkono wake waelekea kusini hata penye midomo ya mito ya Kizinga na Mzinga. Kwa sababu ya utulivu wa maji hayo Seyyid Majid bin Said wa Unguja aliupenda mahali hapo, akaanza kujenga mji katika miaka ya 1860. Utulivu huo huo uwafaao mabaharia ndio uwafaao ndege. Mito huleta tope laini kutoka bara, mawimbi makubwa hayafiki kulichukua, nalo hutua penye mizizi ya mikoko. Upande wa kaskazini wa mji, mto Msimbazi waingia baharini chini ya Daraja la Selander, na tangu mwaka 1929 hata leo watu wengi wamepita pale bila kutazama chini. Siku hizi, tangu mwaka 2022, Daraja la Tanzanite nalo lapita juu ya maji mbele yake. Mbele zaidi, huko Kunduchi, yako mashamba ya chumvi, na ndege hupenda kupumzika juu ya kingo zake bahari ikiwa imejaa.

Mtu apitaye huona tope tupu lenye harufu mbaya. Lakini tope hilo ni ghala. Ndani yake mna minyoo ya baharini, kaa wadogo, kome na konokono wasiohesabika. Kila ndege amepewa chombo chake cha kuchukulia riziki. Mwenye mdomo mfupi huokota kilicho juu. Mwenye mdomo wa kadiri hudona chini kidogo. Mwenye mdomo mrefu uliopinda huuingiza katika tundu la kaa hata machoni pake. Ndiyo sababu namna nyingi huweza kula pamoja bila kugombana: wamo katika shamba moja, lakini hawavuni zao moja. Na mwenye kufahamu neno hili amekwisha pata nusu ya elimu ya kuwatambua, maana mdomo wa ndege ndio barua yake ya kujulisha.

II. Maji na majira

Atakaye kuwaona ndege hawa na aanze kwa kuuliza habari za mwezi. Wavuvi na wachokoa pweza wajua haya kuliko sisi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita meta 3. Siku za katikati huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Katika bandari yetu, siku za bamvua, maji hukauka yapata saa nne asubuhi, na hujaa yapata saa kumi alasiri. Kisha kila siku wakati huo huchelewa karibu saa nzima.

Wengi hukosea kwa kwenda maji yakiwa yamekauka kabisa. Wakati ule ndege wametawanyika juu ya tope pana, kila mmoja ni kama nukta ya wino. Wakati ulio bora ni maji yanapojaa, saa mbili au tatu kabla ya kufika ukingoni. Hapo bahari yenyewe hufanya kazi ya mchungaji: huwasukuma ndege kidogo kidogo hata wakakusanyika mahali padogo karibu na mtazamaji. Basi siku ya bamvua, mtu akifika ufuoni saa nane mchana na kuketi kimya, jua likiwa nyuma yake, ndege watamjia wenyewe. Akilitazama jua uso kwa uso hataona rangi, ataona vivuli tu. Tena, ndani ya bandari ya meli mna walinzi, na ni halali yao kumwuliza mtu anatazama nini. Kwa hiyo yafaa kuomba ruhusa kwanza, au kukaa mahali pa watu wote.

Kwa habari za majira, wengi wa ndege hawa huja mwezi wa Agosti na Septemba, kusi ikielekea ukingoni, hukaa nasi muda wote wa kaskazi, kisha huondoka Aprili na mwanzo wa Mei. Kabla ya kuondoka hula sana, hata uzito wa baadhi yao hukaribia kuwa maradufu, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo masurufu ya safari. Wakati huo pia wengi huvaa mavazi mapya: aliyekuwa wa kijivu huwa mwekundu wa matofali, na aliyekuwa na tumbo jeupe huwa na tumbo jeusi. Walakini si wote waondokao. Vijana waliozaliwa mwaka uliotangulia, wasio tayari kutaga, mara nyingi hubaki hapa wakati wote wa kusi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mwezi wa Juni hakuna kitu pwani.

III. Kwanza wale wa kila siku

Mgeni hajulikani na mtu asiyewajua wenyeji wake. Atakaye kumtambua ndege asiye wa kawaida hana budi kuwazoea kwanza wale wa kawaida, hata awatambue kwa mwendo wao, kama amtambuavyo jirani yake ajapo kwa mbali. Hawa wafuatao ndio wa kwanza.

Kitwitwi hasa, ambaye wataalamu wamwita kwa Kilatini Actitis hypoleucos, hupenda kuwa peke yake. Hukaa penye mawe, penye ngazi za gati, na juu ya ngalawa zilizofungwa. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo lake jeupe, na weupe huo hupanda mbele ya bega kama ukanda. Mkia wake hautulii, hupanda na kushuka daima. Akiruka hupita chini sana juu ya maji, akipigapiga mabawa kwa haraka kisha akiyakaza.

Sululu wa kawaida, Numenius phaeopus, ni mkubwa kama kuku mdogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini na mistari myeusi utosini. Akishtuka hupiga mbinja za haraka, yapata saba mfululizo, na ukiisha kuisikia sauti hiyo hutaisahau.

Yuko tena yule wa kijivu mwenye mdomo mfupi na macho makubwa, Pluvialis squatarola, asimamaye kimya kama mlinzi, kisha akapiga hatua chache na kusimama tena. Akiruka, tazama makwapani: pana doa jeusi, nalo lamtofautisha na wote wafananao naye. Wadogo wake, wenye vifua vyeupe na mgongo wa rangi ya mchanga, nao hukimbia na kusimama vivyo hivyo. Wamo wa namna mbili, mmoja mwenye mdomo mnene na mmoja mwenye mdomo mwembamba, na hata wataalamu hutazama mara mbili kabla ya kusema.

Yule akimbiaye mbele ya wimbi na kurudi nyuma yake bila kuchoka, mweupe kuliko wenzake, ni Calidris alba. Mguu wake hauna kidole cha nyuma. Yule apinduaye mawe na mwani kwa mdomo ni Arenaria interpres. Na yule wa makundi makubwa, mwenye mdomo uliopinda kidogo na kiuno cheupe aonekanapo akiruka, ni Calidris ferruginea. Huyu hutaga mbali sana, katika nchi ya baridi kaskazini mwa Siberia, safari ya kilometa zaidi ya 9,000 kutoka bandari yetu. Habari yake moja yastahili kusimuliwa shuleni. Katika nchi ile wako panya wadogo waitwao lemingi, na idadi yao hupanda na kushuka mwaka kwa mwaka. Panya wakiwa wengi, mbweha hula panya, na makinda ya ndege huokoka. Panya wakiwa wachache, mbweha huwageukia makinda. Basi wingi wa vijana tuwaonao sisi Msimbazi mwezi wa Oktoba hutegemea wingi wa panya wa Siberia. Nani angedhani kwamba mambo hayo mawili yana undugu?

IV. Wageni wasio wa kila siku

Sasa twaja kwa wale ambao kuonekana kwao ni jambo la kuandikwa.

Wa kwanza ni mla-kaa, Dromas ardeola. Ni ndege mkubwa, urefu wake sentimeta 40 hivi, mweupe pe, ila mgongo na ncha za mabawa ni nyeusi. Miguu yake ni mirefu ya rangi ya majivu ya buluu. Mdomo wake ni mweusi na mnene kama kisu cha kuvunjia kaa, na ndiyo kazi yake. Yu peke yake katika ukoo wake. Hana ndugu wa karibu duniani. Hutaga katika visiwa na pwani za Bahari ya Shamu, Uajemi na Bara Arabu, na Somalia, wala hajengi kiota juu ya ardhi bali huchimba shimo mchangani kama panya, akataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Kisha huja kwetu. Watu wa Lamu, Mida, Rufiji na Mafia humwona zaidi kuliko sisi wa Dar es Salaam. Hapa kwetu akionekana ni bahati. Njia yake ni ile ile iliyotumiwa kwa karne nyingi na majahazi ya Oman na Ghuba, wala hakufundishwa na nahodha yeyote. Jambo jingine la ajabu ni kwamba mtoto wake, aliye wa kijivu mgongoni, hufuatana na mzazi hata huku, naye huendelea kuomba chakula ingawa amekwisha vuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe. Ukiona mkubwa mmoja na kijana mmoja nyuma yake akilia, umeona mla-kaa na mwanawe.

Wa pili ni yule afananaye naye kwa mbali, Haematopus ostralegus. Huyu naye ni mweusi na mweupe, na ukubwa wao karibu sawa. Tazama kichwa na mdomo: mla-kaa ana kichwa cheupe na mdomo mweusi, huyu ana kichwa cheusi na mdomo mrefu mwekundu wa machungwa. Huyu ni haba zaidi.

Wa tatu ni Limosa lapponica. Miguu yake mirefu, mdomo wake mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, wenye rangi ya waridi upande wa shina, na mkia wake una milia. Huonekana mmoja mmoja au wachache katikati ya kundi la sululu, na mtu asiye mwangalifu humpita. Katika ndege wote wa nchi kavu na pwani, hakuna aliyepimwa kuruka mbali kuliko huyu bila kutua: mwaka 2022 kijana mmoja, aliyefungwa kipimo mgongoni, aliondoka Alaska akafika Tasmania, kilometa 13,560, kwa muda wa siku 11, bila kula, bila kunywa. Ndege yule si wa njia yetu, lakini wa kabila moja na hawa wetu.

Wa nne ni Xenus cinereus. Huyu huonekana mara nyingi kuliko hao watatu, lakini wengi humchanganya na kitwitwi. Miguu yake ni mifupi ya rangi ya machungwa, na mdomo wake mrefu umepinda kwenda juu waziwazi. Mwendo wake humfichua: ameinama, akikimbia huku na huku kama mtu afukuzaye kofia iliyopeperushwa na upepo, maana huwafukuza kaa wadogo kabla hawajaingia mashimoni.

Wa tano ni Calidris falcinellus, mdogo na adimu. Hujificha katika makundi ya Calidris ferruginea. Alama zake ni mbili: kichwani ana mistari miwili myeupe kila upande juu ya jicho, kana kwamba ana nyusi mbili; na mdomo wake, ulionyoka tangu shina, huvunjika ghafula kwenda chini karibu na ncha.

Wa sita ni sululu mkubwa, Numenius arquata. Mdomo wake ni mrefu mno, na utosi wake hauna mistari ile ya sululu wa kawaida. Wakisimama pamoja hapana shaka. Akiwa peke yake, shaka huingia, basi tazama utosi.

V. Namna ya kuhakikisha

Habari ya uongo juu ya ndege adimu ni mbaya kuliko kutokuwa na habari, kwa kuwa huandikwa vitabuni na kurudiwa na wengine. Kwa hiyo twashauri kanuni hizi.

Kwanza, linganisha. Usiseme "ni mkubwa", sema "ni mkubwa kuliko kitwitwi, mdogo kuliko sululu." Jicho likikosa kipimo hudanganywa na umbali, na ndege aliye peke yake katika ukungu wa asubuhi huonekana mkubwa kuliko alivyo.

Pili, tazama mambo sita kwa utaratibu: mdomo, miguu, kichwa, mwendo wa kula, alama za mabawa na kiuno arukapo, na sauti. Rangi ya mgongo iwe ya mwisho, maana hubadilika kwa umri, kwa majira na kwa tope alilokanyaga. Miguu ya manjano ikipakwa matope ya Msimbazi huwa myeusi.

Tatu, andika kabla ya kufungua kitabu. Mtu aanzaye kwa kutazama picha nzuri ya ndege adimu, hurudi kutazama ufuoni akiwa amekwisha kutamani, na jicho hupenda kuona linachotamani. Andika ulichoona, hata kama hukielewi, na mahali usipoona acha wazi.

Nne, tafuta shahidi wa pili, au picha. Siku hizi hata simu ya mkononi hutoa picha ya kutosha kuonyesha umbo la mdomo, na picha mbaya yenye ukweli yafaa kuliko maneno mazuri.

Tano, hesabu na wale wa kawaida. Kila mwaka mwezi wa Januari watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa maji, na hesabu hizo hazijengwi kwa ndege adimu bali kwa wale wa kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Sita, usiwafukuze. Kila mara kundi lirukapo kwa hofu hutumia mafuta yaliyowekwa kwa safari. Atakaye kuwaona wakiruka na angoje. Mwewe au mashua itakuja, naye ataona bila kuwa na lawama.

VI. Habari ya majina

Hapa twafika penye neno letu hasa. Msomaji ameona kwamba ndege wengi tumewataja kwa Kilatini. Hatukufanya hivyo kwa kujionyesha, bali kwa kuwa majina ya Kiswahili ama hayakuandikwa, ama yameandikwa bila kueleza ni ndege yupi. Mara nyingi kamusi husema tu, "aina ya ndege wa pwani." Maneno hayo ni kama kusema ya mtu fulani kwamba ni "aina ya binadamu": si uongo, lakini huwezi kumpata sokoni.

Kiswahili hakikukosa uwezo. Hutoa jina kwa sauti, kama masikio yetu yasikiavyo katika neno kitwitwi. Hutoa jina kwa kazi, kama kigong'ota, ambaye hugota miti. Hulinganisha ndege na chombo, kama sululu, ambaye jina lake ni lile la chombo cha kuchimbia kilichopinda. Na aliyeuona mdomo wake hana haja ya kuuliza kwa nini jina moja lawafaa wote wawili. Wapo pia shakwe, yangeyange na kulasitara, ambao watu wa pwani hawawachanganyi hata kidogo na vitwitwi. Lugha iliyoweza kuwapambanua hao yaweza kuwapambanua na hawa.

Sisi tumemwita Dromas "mla-kaa" ili msomaji atufuate, wala hatusemi kwamba ndilo jina lake. Twaonya hasa juu ya haraka ya kubuni majina mezani. Mwalimu akibuni jina leo, na mvuvi wa Kigamboni au Kunduchi analo jina alilorithi kwa babu yake, jina la mwalimu litapigwa chapa na la mvuvi litakufa. Kwanza na tuulize. Waulizwe wazee wa ngalawa, wachokoa pweza, akina mama waokotao chaza, na watoto wachungao mashamba ya chumvi. Nao waulizwe wakiwa ufuoni, ndege yupo mbele ya macho, si barazani. Kwa maana barazani jina hutajwa bila mwenyewe, na ndipo machafuko huanza. Yafaa kumwuliza mtu wa pili mbali na wa kwanza, asije akafuata jibu la mwenziwe kwa adabu. Kisha yaandikwe mambo manne pamoja: jina lenyewe, kijiji na lahaja ya aliyelitaja, alama za ndege aliyeonyeshwa, na mwezi wa mwaka. Jina lisilo na ndege ni ganda tupu, na ndege asiye na jina hasemwi. Na kisichosemwa hakilindwi.

Tena majina ya vijiji viwili yakipingana, yaandikwe yote mawili. Si kazi yetu kuamua ni yupi mwenye haki. Watu wa Mrima, wa Unguja, wa Pemba na wa Lamu huenda wana jina moja kwa ndege wawili, au majina mawili kwa ndege mmoja, na tofauti hizo zenyewe ni elimu: hutuonyesha ni ndege gani watu waliwajali, na kwa sababu gani.

VII. Faida yake ni nini?

Huenda mtu akauliza kama kazi hii yastahili saa zetu, kwa kuwa tuna madarasa yaliyojaa na mambo mengi ya haraka. Twajibu kwa habari moja. Alikuwako sululu mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyekuwa akisafiri kati ya Siberia na nchi zilizozunguka Bahari ya Kati. Zamani alikuwa wa kawaida, na kwa sababu alifanana na ndugu zake, watu hawakumtenga katika hesabu. Mwezi wa Februari mwaka 1995 mmoja alipigwa picha huko Merja Zerga, Moroko. Baada ya hapo, ingawa alitafutwa katika nchi nyingi, hapakupatikana habari ya hakika, na mwaka 2025 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, IUCN, ulitangaza kwamba ametoweka duniani. Watu walipoanza kumpambanua kwa bidii, alikuwa amekwisha kuwa haba mno.

Nao tulio nao hawako mbali na hatari. Mwaka 2024 katika orodha ya umoja huo, Calidris ferruginea, Calidris falcinellus na hata yule mlinzi wa kijivu mwenye makwapa meusi walihamishwa katika daraja la ndege walio hatarini, kwa kuwa idadi yao yapungua. Huyu wa mwisho na yule wa kwanza ni katika wale tuliowaita wa kila siku. Asije mtu akadhani kwamba kilicho kingi leo hakihitaji kuhesabiwa.

Kwetu sababu zaonekana kwa macho. Mikoko hukatwa kwa nguzo na makaa. Takataka za mji hushuka na Msimbazi wakati wa masika. Na mahali penye tope hutiwa kifusi pakawa kiwanja. Kila kipande ni kidogo, na mwenye kukijaza husema, "Ndege watakwenda kwingine." Lakini bandu bandu huisha gogo, na ndege aliyetoka Siberia hana mafuta ya ziada ya kutafuta kwingine. Serikali ya Tanzania imekubali kwa mikataba ya mataifa kuwalinda ndege wasafiri na nyumba zao. Mwaka 2004 pwani ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye sifa duniani kwa Mkataba wa Ramsar. Walakini mkataba hautazami tope la Msimbazi siku ya bamvua saa nane mchana. Mwenye kutazama ni mtu akaaye karibu.

Basi twawaomba walimu na mapadre walio pwani, tangu Vanga hata Mtwara, wachague kila mmoja mahali pamoja, pawe padogo, wapaendee mara mbili kwa mwezi siku za bamvua, pamoja na wanafunzi wawili watatu wenye macho mazuri. Waandike tarehe, saa, hali ya maji, hesabu ya kila ndege waliyemtambua, na alama za yule wasiyemtambua. Katika ukurasa unaofuata waandike majina waliyopewa na wavuvi, kwa utaratibu tuliousema. Daftari moja la miaka mitatu lililoandikwa hivyo litamfaa mwandishi wa kamusi na mwenye elimu ya ndege pia. Nasi twapenda kupokea nakala ya madaftari hayo kwa njia ya Mhariri, tupate kuyalinganisha kijiji kwa kijiji.